Hakuna Classé Mbili

Msalaba mwekundu ulipakwa siku ya Alhamisi, saa ambayo Papa Zagabe alikuwa amekwenda soko la Nyawera kununua sabuni. Aliporudi aliukuta ukutani, umepigwa kwa brashi pana upande wa kushoto wa mlango, rangi bado mbichi, inachuruzika kuelekea ngazi. Bukavu hakuna asiyejua maana ya msalaba huo: hapa patabomolewa. Nyumba iliyopakwa hivyo ni kama mgonjwa ambaye daktari ameacha kumwandikia dawa: ndugu zake wanaongea naye kwa upole, huku wakitazamana nani atachukua kitanda.

Zagabe aliweka sabuni chini. Matone manne ya rangi yalikuwa yameangukia ngazi ya tatu. Alitazama ngazi, kisha ukuta, kisha akaingia ndani kutafuta ile karatasi yake yenye muhuri.

Nyumba yenyewe ni ile ambayo mtaa mzima unaiita Bateau, yaani meli. Kona yake ya mbele imeviringwa kama omo la meli, ina madirisha matatu ya duara, na kibaraza chake cha juu kimezungushiwa vyuma vilivyolala, kama vya sitaha. Ilimalizika mwaka wa hamsini na tisa, wakati ambapo mtu aliyejenga hapa alijiuliza kwanza nyumba yake itaonekanaje kutoka ziwani. Siku hizi anajiuliza itabeba maduka mangapi. Anamwaga saruji Jumatatu, Ijumaa ameshapangisha, na mvua ya Novemba ikija kuuliza maswali, kilima kinajibu kwa niaba yake.

Zagabe aliifahamu Bateau kabla haijapata paa. Alishuka kutoka kijiji cha Miti akiwa na miaka kumi na minne, akamfuata fundi Cirhuza, ambaye kazi yake ilikuwa granito. Vijana wa leo hawaijui, kwa hiyo tuseme ilivyo. Unachagua kokoto za rangi, unaziosha, unazichanganya na saruji, unamwaga, unangoja. Kisha unapiga magoti na jiwe la kunolea na maji, unasugua siku baada ya siku, mpaka kokoto zijitokeze usoni na sakafu iwe laini kama tumbo la sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Hakuna mashine, hakuna haraka. Ngazi za Bateau ni kumi na saba, nyekundu, kila moja na mstari mweusi ukingoni. Magoti ya Zagabe yaliisha pale.

Kwenye ngazi ya tatu alikosea. Fundi alikuwa ameondoka mapema, naye, kwa kiherehere cha utoto, akamwaga kokoto nyekundu mahali pa zile nyeusi, upana wa shibiri moja. Asubuhi saruji ilikuwa imeshika. Alingoja kofi. Cirhuza aliinama, akagonga ukingo ule kwa kidole mara mbili, akasikiliza.

“Chini iko muzima,” alisema. “Basi iache. Kosa yenye kufichwa inazaa. Hii itaikala hapa inakuangalia. Na ukumbuke, mutoto: granito haijue kudanganya. Ukimwaga vibaya, gonga tu, itakuambia.”

Mgiriki aliyejenga nyumba hiyo aliiuza mwaka wa sabini na mbili kwa Muzee Nasoro, mfanyabiashara wa Uvira ambaye mababu zake walitoka pwani ya mashariki. Nasoro ndiye aliyemfanya Zagabe kuwa zamu, yaani mlinzi wa nyumba, akampa chumba cha nyuma. Hawakuandikiana kitu. Nasoro alivua viatu kabla ya kukanyaga ngazi zile, hata siku za mvua, akasema, “Zagabe, hizi ngazi ni dada zako, na mimi shemeji yako. Nitazikanyaga kwa adabu.” Maneno ya namna hiyo yalitosha zamani. Yalidumu miaka arobaini na nane. Nasoro alipofariki, nyumba ikawa ya mwanawe Abdulmajid, mnunuzi wa dhahabu huko Kamituga, mtu wa jeep na simu tatu, anayepanda ngazi kwa mabuti ya udongo huku akiongea na mtu aliye mbali.

Abdulmajid alitaka ghorofa sita za vioo.

Basi Zagabe akaandika barua. Huyu hakupita darasa la nne, lakini Kifaransa alijifunza mwenyewe kwenye magazeti yaliyofungiwa samaki, na kwa miaka thelathini mtaa umekuwa ukimletea barua zake azisome. Alikuwa amesikia kwamba iko sheria ya zamani ya kulinda majumba yenye historia: nyumba ikishaandikwa humo inaitwa classé, na hata mwenyewe hana ruhusa ya kuing'oa tofali. Aliandika kurasa tatu kwa mkono ulionyooka, juu kabisa akaweka kusudi la barua: ombi la kuifanya Bateau kuwa classé. Akaipeleka bureau, ofisi iliyohusika na mambo hayo, kule juu kilimani, akangoja miezi kumi na mmoja.

Barua ilirudi. Ilikuwa barua yake mwenyewe, na juu yake, kimshazari, muhuri wa zambarau wenye neno moja kubwa: CLASSÉ. Chini yake tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, na sahihi.

Siku ile Zagabe alicheka peke yake kama mlevi. Alimwonyesha Maman Chantal, anayekaanga mikate mbele ya lango, naye Chantal hana mdomo, ana tarumbeta. Kabla ya saa sita mtaa wote ulijua: Bateau iko classé. Watu walikuja kumpa mkono.

Wiki mbili baadaye alivaa koti, akapanda kilima kwenda kuuliza kibao cha ukutani kitaletwa lini. Karani, mama mmoja aitwaye Georgette, alimtazama juu ya miwani.

“Kibao gani, Papa?”

“Ya nyumba. Si mumeandika iko classé?”

Georgette aliivua miwani, akaishusha sauti. “Nyumba apana, Papa. Dossier njo iko classé. Ni kusema imekwisha. Chef hakutaka kuifuatilia, akaniambia nipige cachet, niiweke mu armoire.”

Neno moja, milango miwili. Kwa mlango mmoja nyumba inaingia na kulindwa. Kwa mlango mwingine dossier, yaani faili la ombi, linapigwa muhuri, linatupwa kabatini na kufungiwa. Georgette alimwona mzee anavyoshikilia ukingo wa meza, akachukua kalamu, akaandika namba yake ya simu nyuma ya barua. “Ukikuwa na swali yoyote, Papa.” Hakuwa na kingine cha kumpa.

Zagabe alishuka kilima akikusudia kuwaambia watu. Hakuwaambia. Mtu ambaye mtaa unamletea barua zake azisome, akosee neno la Kifaransa mbele yao! Asubuhi aliamka na neno likiwa ulimini, jioni alilala nalo. Miezi mitano ikapita hivyo. Ndipo ukaja msalaba.

*

Jumatatu saa mbili walifika watu tisa wenye nyundo kubwa na mitaimbo, na mbele yao msimamizi wao Christophe, mnene, mwenye kofia ya plastiki ya manjano. Zagabe alikuwa amekwishakaa kwenye ngazi ya tatu. Alikuwa amevaa lile koti.

“Jambo, Muzee. Ondoka hapo, tunaanza kazi.”

“Anzeni. Miye niko nyumbani.”

“Muzee, usinitafutie matatizo asubuhi. Patron amelipa batu.”

“Basi watafanya kazi nikiwa hapa.”

Mmoja wa wale tisa, mrefu mwenye kifua cha ng'ombe, hakungoja mazungumzo yaishe. Alipita pembeni, akainua nyundo, akapiga nguzo ya chini ya kibaraza. Mlio wake Zagabe aliusikia kwenye meno. Kipande cha granito, ukubwa wa kiganja, kiliruka na kuangukia majani. Yule mtu akasogea kwenye ngazi ya kwanza, akatema mate mikononi.

“Sogeza muguu, Papa. Mi sitaki kuvunja mutu.”

Zagabe hakusogeza mguu. Hakuwa shujaa, magoti yalikuwa yamegoma. Nyundo ilipanda juu ya bega la yule mtu, ikatulia pale, na wote wawili wakatazamana, kila mmoja akimwomba mwenzake kwa macho amwondolee jambo hili.

Ndipo tarumbeta ikalia langoni.

“Weye! Weye mwenye nyundo! Unataka kufia mu prison? Ile nyumba iko classé!” Maman Chantal alikuja na mwiko wake unadondosha mafuta, nyuma yake wanawake watano, na nyuma yao wapita njia. “Papa Zagabe, baonyeshe karatasi! Unangoja nini?”

Nyundo ikashuka taratibu hadi chini. Christophe alikunja uso.

“Karatasi gani?”

Kila mtu akamtazama Zagabe. Karatasi ilikuwa ndani ya koti, upande wa moyo, imekunjwa mara nne. Alikuwa ameichukua kwa nini, kama hakukusudia kuitoa? Swali hilo alikuwa amejiuliza tangu Alhamisi. Aliitoa. Hakusema “iko classé.” Alinyoosha mkono tu.

“Soma mwenyewe.”

Christophe akasoma, midomo ikitembea. Kusudi la barua: ombi la kuifanya nyumba iwe classé. Na juu yake, kwa zambarau: CLASSÉ. Ombi na jibu, ukurasa mmoja. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Mwaka uliopita Christophe alilala siku tisa kwenye kashoo ya polisi kwa kubomoa ukuta ambao patron wake wa wakati ule aliapa kuwa ni wake. Patron alikuwa nje akinywa bia. Yeye alikuwa ndani akihesabu kunguni.

“Shusheni nyundo,” aliwaambia watu wake. “Mi naita patron.”

Walingoja karibu saa nzima. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka upande wa Kabare. Wale tisa walikaa kwenye majani wakanunua mikate ya Chantal, naye akawauzia huku akiwatukana. Zagabe alikuwa amekishika kile kipande kilichovunjika, anakipapasa ukingo wake mbichi. Sijadanganya, alijiambia. Nimetoa karatasi. Karatasi ndiyo inayosema. Na papo hapo, bila kutaka, kidole chake kiligonga ngazi mara mbili, kama alivyofanya Cirhuza. Ngazi ilijibu vizuri. Kilicholia utupu kilikuwa kifua chake.

Jeep ya Abdulmajid ilifunga breki langoni kiasi cha kumrukisha kuku wa watu. Aliingia akaisoma barua mara moja, akaigeuza, akaona namba ya simu nyuma.

“Hii ni namba ya nani?”

“Ya maman wa bureau,” alisema Zagabe. Hakuweza kusema vingine.

“Vizuri sana. Christophe, piga. Weka sauti juu, wote basikie. Tuone muzee yetu na muhuri yake ya kununua mu soko.”

Simu iliita. Mafuta ya Chantal yalisikika yakichemka barabarani. Zagabe alifumba macho. Mama yule alikuwa amemweleza mwenyewe, kwa mdomo wake: nyumba apana, dossier njo iko classé. Sentensi moja kama hiyo, na nyundo zingeinuka tena.

“Allô?”

“Jambo, maman. Miye ni chef de chantier, musimamizi wa kazi. Tuko hapa kwenye ile nyumba banaita Bateau. Nauliza tu: dossier yake iko classé ao haiko?”

Mahali fulani nyuma ya sauti yake mlango wa kabati ulifungwa.

“Juu ya nini unauliza?”

“Tuko na nyundo, maman.”

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu.

“Papa Zagabe eko hapo?”

“Eko. Ameikala mu ngazi, anakatala kutoka.”

“Ah.” Walimsikia akivuta pumzi. “Dossier ya Bateau iko classé. Tarehe kumi na ine, mwezi wa tatu. Miye mwenyewe nilipiga cachet.”

Langoni wanawake walipiga vigelegele. Abdulmajid alimnyang'anya Christophe simu.

“Maman, ngoja. Classé namna gani? Kuna classé ya kulinda nyumba, na kuna classé ya kutupa mu—”

“Papa,” sauti ilimkata, baridi kama maji ya ziwa alfajiri, “niko mu hii bureau miaka kumi na moja. Hakuna classé mbili. Classé ni classé. Bonne journée.”

Simu ikakatika.

Christophe alikwishaanza kukusanya mitaimbo. Abdulmajid hakumtazama. Alikuja polepole mpaka kwenye ngazi, na mara ya kwanza tangu arithi nyumba hiyo, alisimama chini yake bila kuikanyaga. Hakuwa mjinga, na alikuwa amemwona mzee alivyofumba macho wakati simu inaita. Mnunuzi wa dhahabu anaishi kwa kutazama macho ya watu.

“Papa Zagabe,” alisema, safari hii bila kelele. “Baba yangu alikuita shemeji. Alituambia siye batoto: mukitaka kujua kweli mu hii nyumba, muulizeni Zagabe. Mi nakuuliza kwa jina ya Nasoro. Hii nyumba inalindwa?”

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema “umesikia mwenyewe,” na ingekuwa kweli ya karatasi, kama alivyokuwa ameishi miezi mitano. Lakini jina lilikuwa limetajwa, na ngazi ilikuwa chini yake, na ile shibiri ya kokoto nyekundu ilikuwa inamkodolea macho kati ya viatu vyake, kama ilivyofanya kwa miaka sitini na zaidi. Nyumba ilikuwa mikononi mwake, nzima. Aliiachia.

“Hailindwe,” alisema. “Dossier njo iko classé. Nyumba, apana. Balikatala. Niliijua tangu mwezi wa tatu, nikanyamaza. Nilikuwa na haya.”

Abdulmajid alipumua kama mtu aliyetua mzigo. Aligeuka, akapiga makofi. “Mumesikia? Christophe! Rudisha batu! Muzee mwenyewe amesema!”

Hakuna aliyetikisika.

“Amesema nini?” aliuliza Chantal.

“Amesema haiko classé! Ilikataliwa!”

“Umemunong'oneza nini, weye? Umemutisha utamufukuza mu chumba? Batu! Amemutisha muzee!”

“Maman Chantal,” Zagabe alisimama, magoti yakilia, “ni kweli. Miye nilikosa kusoma. Ile neno iko na maana mbili.”

Mtaa mzima ulimtazama kwa huruma. Papa Zagabe akosee kusoma? Papa Zagabe aliyewasomea hukumu za mahakama, diplomas za watoto, barua za waume waliokimbilia Kamituga? Mmoja wa wanawake alianza kulia. “Angalieni vile anatetemeka,” alisema. “Wamemumaliza.”

“Anawaambia kweli!” Abdulmajid alipaza sauti. “Nyiye batu, mara moja tu, sikieni kweli!”

“Mwenye kweli hakimbize jeep hivyo,” alijibu Chantal. “Ulikuwa karibu kuua kuku ya batu.”

Watu wakacheka. Christophe alivua kofia, akajipangusa.

“Patron, unisamehe. Mi nilisikia maman wa bureau na hii masikio yangu mbili. Tarehe alitaja, cachet alitaja. Muzee anasema hivi juu ya woga, kila mutu anaona. Siku benye sheria batakuja, weye utakuwa Kamituga. Mi ntakuwa wapi?” Akageukia watu wake. “Twende.”

Waliondoka, wale tisa, nyundo mabegani. Yule mrefu mwenye kifua cha ng'ombe alipopita alimgusa Zagabe begani. “Jikaze, Papa,” alinong'ona. “Usikubali bakubadilishe maneno.”

Matone ya kwanza ya mvua yalianguka. Abdulmajid alibaki peke yake uani, na barua mkononi. “Nitaenda bureau mimi mwenyewe,” alisema. “Nitaleta dossier yenyewe, nibandike kwenye mulango.”

“Nenda, mwanangu,” alisema Zagabe. “Kutoa karatasi njo kazi ya bureau.”

*

Amekwenda mara tatu hadi leo. Mara ya kwanza chef, mkuu wa bureau, alikuwa safarini. Mara ya pili Georgette alisema armoire imefungwa na ufunguo uko kwa mtu mwingine. Mara ya tatu alipangwa kwenye foleni nyuma ya watu arobaini, saa tisa dirisha likafungwa. Kabati lililomeza ombi la mzee limeketi sasa juu ya ushahidi anaoutafuta mwana wa Nasoro, wala halina haraka. Na mafundi wa kubomoa wa Kadutu mpaka Bagira wote wamekwishasikia habari ya Bateau. Hakuna anayetaka kuigusa. Siku chef akirudi na ufunguo ukipatikana, nyundo zitarudi. Zagabe analijua hilo, na kila gari likipunguza mwendo langoni yeye huacha alichokuwa akifanya.

Kweli aliisema, mbele ya watu, na haikuwa na muhuri. Enzi za Cirhuza neno la fundi lilikuwa ndilo muhuri.

Asubuhi iliyofuata siku ile alikuta ukuta umeandikwa. Juu ya msalaba mwekundu, kwa makaa ya jiko la mikate, herufi kubwa zilizolala kila moja upande wake: NYUMBA IKO KALASE USIGUZE.

Zagabe alileta ndoo na kitambaa. Makosa mawili kwenye mstari mmoja, alihesabu, na la tatu ni kwamba si kweli. Maisha yake yote hajawahi kupita kando ya neno lililoandikwa vibaya bila mkono kumwasha. Alichovya kitambaa, akakikamua, akakiinua mpaka kwenye herufi ya kwanza. Alisimama hivyo mpaka maji yakamtiririkia ndani ya mkono wa shati.

Kisha aliziacha herufi, akainama, akapiga magoti kwenye ngazi ya tatu, akatoa jiwe lake la kunolea, akaanza kusugua yale matone manne ya rangi.